Sabuni ya Unga ya Mafuta ya Nazi: Mwongozo wa Kufua kwa Maji ya Mombasa

Maswali ni yale yale. Mbona sabuni niliyotengeneza haitoi povu? Mbona kanzu imeingia ukijivu? Je, siwezi kuacha kostiki, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, nikatumia magadi na siki tu? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio mmoja: kwanza maji, halafu sabuni, mwisho namna ya kufua. Ukianza na sabuni ukayasahau maji, utarudi na swali la pili juu ya la kwanza.

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wake wote vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya kisima hupita humo, kwa hiyo huja mazito, yaani yamejaa chokaa. Kisima kikiwa karibu na bahari, maji huja na chumvi juu ya uzito huo. Chokaa hukamata sabuni na kuigeuza ukoko mweupe usioyeyuka, na ukoko huo ndio unaobaki kwenye nguo na kuzunguka ukingo wa beseni. Chumvi nayo huizuia sabuni isiyeyuke. Sabuni ya mafuta ya nazi huyeyuka na kutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, jambo ambalo sabuni za mafuta mengine mengi haziliwezi. Ndiyo maana mabaharia wameitumia tangu zamani. Pwani tuna nazi na tuna maji ya chumvi, basi hakuna sababu ya kuanza na mafuta mengine.

Mambo matatu ya kuweka kando kabla hujanunua chochote

Sabuni ngumu kama hii haitengenezwi bila kostiki soda. Anayekuuzia "sabuni ya asili isiyo na kostiki" ama amenunua sabuni iliyokwisha tengenezwa akaikwangua, ama anakuuzia kitu kingine. Kostiki hutumika yote ndani ya sabuni ikipimwa sawasawa. Katika sabuni iliyokomaa haipo tena.

Siki na bekingi soda usizitie katika chombo kimoja. Zinachemka, zinapendeza macho, halafu zinauana, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvichumvi. Kila moja ina kazi yake na wakati wake.

Chumvi ya mezani haina nafasi katika unga huu. Mapishi mengi ya mtandaoni huitaja kama kilainishi cha maji. Hailainishi kitu, na maji yetu tayari yanayo ya kutosha.

Neno moja pembeni: ile sabuni ya maji ya ungerol (kemikali ya kutoa povu) inayofundishwa kwenye vikundi vya kina mama ni sabuni nzuri ya biashara, na haisumbuliwi sana na maji mazito. Lakini ni kuchanganya kemikali za kiwandani. Kama hiyo ndiyo unayoitaka, mwongozo huu si wako.

Yajue maji yako

Chukua chupa safi ya nusu lita, jaza maji hadi nusu, tia kipande cha sabuni ya mche cha ukubwa wa ukucha, funika, tikisa kwa nguvu ukihesabu hadi thelathini.

Povu likijaa na kukaa huku maji ya chini yakibaki karibu maangavu, maji yako ni laini. Povu likiwa dogo, maji yakawa meupe na vijidonge vinaelea, ni mazito. Yakiwa mazito rudia jaribio kwa maji mapya, lakini safari hii tangulia na robo ya kijiko cha chai cha magadi, koroga, ngoja dakika kumi, ndipo utie sabuni. Povu likirudi, ugonjwa ni chokaa na magadi ndiyo dawa. Lisiporudi, ni chumvi, na magadi hayatafua dafu. Hapo utategemea sabuni ya nazi, na utayachanganya maji hayo na ya mvua au ya mfereji.

Usiamini kwamba maji ni mazuri kwa sababu yametoka kwenye mfereji. Mji hupata maji kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na muuza mitungi wa mkokoteni hakuambii mtungi wa leo umejazwa wapi. Jaribu kila chanzo kinapobadilika; ni kazi ya dakika moja.

Vitu unavyohitaji

Kipimo hiki kinatoa unga wa karibu kilo mbili:

- Mafuta ya nazi, kilo 1 (ni kama lita 1 na mililita 90, pima kwa uzito, usipime kwa chupa). Mafuta ya mbata ya bei nafuu yanatosha kabisa. Yaliyoanza kunuka kidogo pia yanafaa. Usitumie mafuta mazuri ya kukamua tui kwa ajili ya kufulia mashuka.
- Kostiki soda ya vipande au chembe, gramu 180. Hupatikana kwenye maduka ya kemikali za sabuni. Kwenye lebo utaona maneno caustic soda, na usafi wake uwe asilimia 98 au 99. Dawa ya kuzibua mabomba usiitumie hata kama imeandikwa jina hilohilo, maana nyingine huwa na vipande vya alumini.
- Maji ya mvua, au ya mfereji yaliyofaulu jaribio, gramu 370. Yawe baridi.
- Magadi meupe ya unga, gramu 650. Kwenye duka la kemikali mfuko huandikwa soda ash.
- Mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja.
- Ndoo ndogo mbili za plastiki ngumu, zile zenye namba 5 chini, au sufuria ya stili.
- Mwiko wa plastiki au wa stili. Wa mti huliwa na kostiki na kuacha nyuzi.
- Blenda ya mkono yenye mguu wa stili au plastiki, ukiwa nayo.
- Chombo cha plastiki cha lita 2 cha kugandishia, na karatasi ya kuokea ya kukitandika.
- Mbuzi ya bati au kikwaruzo cha karoti ambacho hakitarudi jikoni.
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, mikono mirefu, viatu vilivyofunika vidole. Ndara hazifai.

Sufuria za kawaida za nyumba zetu ni za alumini, na hili ndilo kosa linaloharibu kazi za wengi. Kostiki huishambulia alumini papo hapo: inatoa mapovu, joto na gesi inayoshika moto, na sufuria hutoboka. Kama huna uhakika, weka sumaku. Ikinasa si alumini. Isiponasa, chukua plastiki uwe salama.

Umekosa soda ash? Magadi ya vipande yanayouzwa kwa ajili ya maharagwe hutoka Ziwa Magadi kama yale ya kiwandani, ila hayajachomwa, na mara nyingi yana udongo. Kwa unga mkavu, yaponde, yachome kwenye kikaango cha chuma juu ya jiko la mkaa kwa nusu saa hivi ukikoroga, mpaka yaache kutoa mvuke. Yatapungua uzito kwa karibu thuluthi. Yakiwa mekundumekundu usiyatie kwenye unga wa nguo nyeupe. Hayo yayeyushe gramu 100 kwa lita ya maji, yaache yatulie usiku kucha, chuja kwa kitambaa, na utumie maji yake kulainisha maji ya kisima, nusu kikombe kwa lita 10.

Kuhusu kostiki, kwa ufupi

Fanya kazi nje au kando ya dirisha lililo wazi, watoto na paka wakiwa mbali. Ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano au zaidi; usipake siki wala ndimu. Ikiingia jichoni, osha hivyo hivyo na uende hospitali. Mtu akiimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Na usiihifadhi kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Iache kwenye kopo lake, iandike SUMU, iweke juu, ifunge barabara. Hewa ya Pwani ina unyevu na kostiki huufyonza mpaka inakuwa rojo.

Hatua

1. Pima maji gramu 370 ndani ya ndoo ya kwanza. Pima kostiki gramu 180 kwenye chombo kikavu. Pima mafuta gramu 1000 kwenye ndoo ya pili. Pima vyote kabla ya kuchanganya chochote, na soma mizani mara mbili.

Ili kumaliza mafuta yote ya nazi ya kilo moja hutakikana kostiki takriban gramu 183. Tunaweka 180 ili kosa dogo la mizani lisikuachie sabuni inayounguza. Kwa sabuni ya kuogea ungepunguza zaidi, lakini mafuta yanayobaki bila kugeuka sabuni hunata kwenye nguo na baada ya muda hunuka. Ya kufulia iwe kavu namna hii. Usiiogee.

2. Vaa glavu na miwani. Tia kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, hata siku moja: huchemka ghafla na kuruka usoni. Maji yatapanda joto karibu na kuchemka na kutoa mvuke mkali. Simama upande upepo unakotoka na usiinamie ndoo.

3. Acha yapoe mpaka ndoo ukiigusa kwa nje ni vuguvugu tu, kama digrii 35 hadi 40. Kwa joto la Mombasa inaweza kuchukua saa moja na zaidi. Ukiwa na haraka, isimamishe ndani ya beseni la maji baridi.

4. Angalia mafuta. Miezi mingi huwa maji tu, kwa kuwa mafuta ya nazi huyeyuka kwenye digrii 24 au 25. Wakati wa kusi, asubuhi za Julai, unaweza kuyakuta yameganda au yana ukungu. Yasimamishe ndani ya maji ya moto mpaka yawe maangavu yote.

5. Mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta kwa mkondo mwembamba huku unakoroga.

6. Koroga. Kwa blenda, piga sekunde chache, zima, koroga kwa mkono, piga tena. Dakika tatu hadi tano hutosha. Kwa mwiko, jiandae kwa nusu saa au zaidi, na usikoroge kwa kasi ya kuingiza hewa. Unatafuta uzito wa uji mwepesi: ukinyanyua mwiko, tone linaloanguka linaacha alama juu kabla ya kuzama. Ukiacha mapema, mafuta yatajitenga usiku. Ukizidisha, mchanganyiko utaganda ndoono.

7. Mimina kwenye chombo ulichotandika karatasi. Gongagonga juu ya meza itoe hewa. Usiifunike kwa blanketi wala taulo. Maelekezo hayo yaliandikwa kwa nchi za baridi. Sabuni ya nazi hupanda joto yenyewe, na huku ukiifunika inaweza kufura na kumwagika. Iweke penye hewa, juu ya sinia, si juani.

8. Saa chache baadaye katikati itaonekana kama jeli, halafu itaanza kuwa nyeupe na ngumu. Kama unataka miche ya kufikichia kola, ikate sasa, baina ya saa tatu na sita baada ya kumimina, ingali na joto kidogo na inakubali kisu. Sabuni ya nazi haisubiri kesho. Ikipoa kabisa hupasuka vipande ukiikata.

9. Iliyobaki ikwangue baada ya saa 12 hadi 24. Bado vaa glavu. Wakati huu inatoka nyuzi nyuzi kama nta. Ukiingoja wiki nzima utakwangua mawe.

10. Tandaza nyuzi kwenye sinia za plastiki au karatasi, unene usizidi kidole kimoja, mahali pakavu penye upepo. Zigeuze kila siku. Kaskazi ikivuma, Januari hadi Machi, siku tano hutosha. Wakati wa masika hewa imejaa maji na unaweza kuhitaji wiki mbili. Ziko tayari zinapovunjika kwa vidole badala ya kupinda.

11. Jaribu ukali. Lowesha kidole safi, kisugue kwenye sabuni, gusa ncha ya ulimi mara moja tu, kisha suuza mdomo. Ladha ya sabuni tu ni sawa. Ikichoma na kushtua kama umeme, kostiki bado ipo. Iache siku nyingine tatu ujaribu tena. Karatasi ya kupima asidi haitakusaidia sana hapa, kwa kuwa hata sabuni nzuri husoma 9 hadi 10.

12. Saga nyuzi kwenye blenda kavu au zitwange kinuni. Vaa barakoa, vumbi lake hukereketa koo na kukutoa machozi. Saga kidogo kidogo. Blenda ikipata moto unga hunata.

13. Pima unga uliopata. Utakuwa kama kilo 1.3 ukikausha vizuri. Ongeza magadi nusu ya uzito huo, yaani gramu 650, uchanganye kwa mkono wenye glavu mpaka rangi iwe moja.

14. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Weka tarehe. Miche uliyoikata iache ipigwe na upepo wiki nne ndipo uitumie. Hapo hudumu zaidi, haiyeyuki hovyo.

Manukato? Mafuta ya mchaichai, kama mililita 10, unaweza kuyachanganya hatua ya 13. Mafuta ya karafuu usiyatie ndani ya sabuni ingali maji, maana huigandisha ghafla. Kusema kweli, harufu hupotea nguo ikikauka juani. Kazi hiyo waachie udi na chetezo.

Jinsi ya kufua nayo

Vipimo ni vya beseni la lita 10. Kijiko ni cha mezani, kisichofurika.

Kwa maji laini: vijiko 2 vya unga. Uyeyushe kwanza ndani ya kikombe cha maji ya moto, ndipo umimine beseni. Sabuni ya kweli haiyeyuki haraka katika maji baridi kama unga wa dukani, na chembe zisizoyeyuka ndizo zinazoacha madoa meupe.

Kwa maji mazito ya kisima: tia kijiko 1 cha magadi peke yake kwanza. Koroga, ngoja dakika kumi. Maji yakiwa na ukungu usishtuke, hiyo ni chokaa inayoachana na maji. Ndipo utie vijiko 3 vya unga ulioyeyushwa. Mpangilio huu haupinduki: sabuni ikitangulia, chokaa huikamata kabla magadi hayajafika, na umepoteza sabuni bure.

Angalia povu ukiwa katikati ya kazi. Ni kipimo chako. Likifa maana yake sabuni imekwisha kazi. Ongeza nusu kijiko, au mwaga beseni kama maji yamekuwa ya tope.

Loweka nusu saa, fikicha, kamua. Nguo nyeupe za pamba zinastahimili kuloweka usiku kucha.

Sasa kusuuza, ambako wengi huharibu kazi nzuri. Maji ya kusuuzia nayo ni ya kisima kilekile, na sabuni iliyobaki kwenye nguo hukutana na chokaa mpya hapo hapo. Kwa hiyo kamua sana kabla ya kusuuza. Maji ya kwanza yatie nusu kijiko cha magadi. Ya pili yawe matupu. Ya mwisho yatie nusu kikombe cha siki nyeupe, au maji ya ndimu tatu yaliyochujwa. Asidi hiyo kidogo huondoa mabaki na kulainisha kitambaa. Na kama una mtungi mmoja tu wa maji mazuri, usiufulie. Fulia ya kisima, huo usuuzie.

Siki au ndimu zisikutane na Jik wala dawa yoyote ya klorini. Hutoka gesi ya sumu, na bafu ndogo hujaa haraka. Ukitaka kutumia klorini kwa shuka nyeupe, suuza kabisa, mwaga maji, na siku hiyo achana na siki.

Nguo kwa nguo: kanzu nyeupe, pakaza mche wa sabuni uliolowa kwenye kola na kwapa dakika kumi kabla ya kuloweka, na uanike juani. Leso mpya fua peke yake kwa maji baridi mara mbili tatu za mwanzo na usiiloweke kwenye magadi, rangi itatoka. Baibui jeusi huonyesha kila chembe ya ukoko. Tumia nusu ya kipimo, suuza kwa siki mara mbili, geuza ndani nje, anika kivulini. Hariri na sufu usizifue kwa unga huu hata kidogo, magadi huzila.

Mashine ya kufulia: vijiko 2 vya unga ulioyeyushwa, maji ya digrii 40 na kuendelea, siki kwenye kitundu cha kilainishi. Mara moja kwa mwezi iendeshe tupu kwa maji ya moto na kikombe cha siki. Kama nyumba yako inatumia maji mazito ya kisima moja kwa moja, nashauri unga huu ubaki kwa kufua kwa mkono. Ukoko ndani ya mabomba ya mashine hauonekani mpaka fundi aitwe.

Ukitaka kuchanganya mafuta

Mafuta ya nazi yakipanda bei, unaweza kuweka gramu 700 za nazi na 300 za mafuta ya mawese ya kupikia. Kostiki hapo iwe gramu 167, maji 350. Usibadilishe mafuta ukaacha kostiki ile ile, kwa sababu mawese huhitaji kidogo kuliko nazi na sabuni yako itaunguza. Kwa maji ya chumvi usizidishe mawese kupita hapo, povu litapungua. Mafuta yaliyokaangia viazi karai na bajia yanawezekana, lakini yana chembe, chumvi na maji ndani, na kipimo chake hubadilika kila karai. Yasiwe kazi yako ya kwanza.

Mambo yakienda kombo

*Haizidi kuwa nzito hata baada ya saa moja.* Ama imepoa mno, ama kostiki ni ya zamani na imeshavuta unyevu. Simamisha ndoo ndani ya maji ya moto, endelea kukoroga. Isiposhika, iache usiku. Mara nyingine asubuhi hukutwa imeganda. Kama mafuta bado yanaelea, fuata dawa iliyo hapo chini.

*Mafuta juu, sabuni chini. Au vishimo vyenye maji ndani ya sabuni.* Hukukoroga vya kutosha. Maji hayo ni kostiki tupu, usiyaguse. Rudisha vyote kwenye sufuria ya stili, ongeza maji kikombe kidogo, pika kwa moto mdogo sana ukikoroga mpaka iwe rojo moja, mimina tena. Itakuwa na sura mbaya, lakini utaisaga, hivyo haidhuru.

*Imefura na kutaka kumwagika.* Imepata joto kupita kiasi. Itelemshe kwa mwiko, peleka penye upepo. Safari ijayo anza ikiwa baridi zaidi na tumia chombo kipana chenye kina kidogo.

*Unga mweupe juu ya sabuni.* Kostiki ya juu imekutana na hewa ikawa magadi. Kwa kufulia ni sawa, saga nao.

*Unga umegandana ndoono.* Haukukauka vizuri, au mfuniko haubani. Anika sinia siku mbili, saga tena. Ukiishi karibu kabisa na bahari, gawa kwenye makopo madogo ili ufungue moja moja.

*Mikono inachubuka.* Magadi yamezidi kwako. Punguza yawe robo ya uzito wa sabuni, vaa glavu, paka mafuta ukimaliza.

*Nguo zimekuwa ngumu na za kijivu.* Ni ukoko wa safari nyingi. Usiongeze sabuni, utaongeza ukoko. Loweka nguo za pamba saa mbili katika maji ya moto lita 10 na vijiko 2 vya magadi bila sabuni, fikicha, mwaga. Maji yakitoka meupe kama tui umepata kilichokuwamo. Rudia mpaka yatoke safi, kisha suuza kwa siki.

*Nguo safi inanuka mafuta yaliyovunda ikikaa kabatini.* Dawa ni ile ile ya magadi na maji ya moto. Ikirudi baada ya hapo, pima upya kostiki kwa mizani nyingine: mizani yako inakudanganya, na mafuta yanabaki ndani ya sabuni.